Nafasi ya Mkunde

Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mwenye mvi zake halali na pasipoti iliyojaa mihuri mpaka ukurasa wa mwisho, alisimama katikati ya maombi na kumwambia mchungaji anyamaze.

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya mstarini, mikono imebana mapajani, kidevu juu: "Kaa kimya!"

Mchungaji alikuwa amefika mahali patamu pa sala yake. Akafungua jicho moja. Akina mama wa kwaya, waliokuwa wameinamisha vichwa sebuleni kwa Mwalimu Kajiru, wakavinyanyua vyote kwa mpigo mmoja kama kuku waliosikia mlango wa jikoni. Na mtu mzima yule, jina lake Zefania Mrutu, akabaki wima, anaitazama sakafu kwa matumaini kwamba itapasuka immeze.

"Samahani, Baba Mchungaji," alisema. "Si mimi. Ni miguu."

Wewe unayesikiliza, usimcheke bado. Mcheke mwishoni, ukishajua miguu ile ilimtii nani. Na kwa kuwa hapa utaombwa uamuzi, sogea, uwajue vizuri watu utakaowaamulia.

Walikuwa watatu, na wote walisoma darasa moja mwaka 1983, katika shule ya Kizungo, chini ya milima ya Upare, pale ambapo treni ikipita mwalimu alilazimika kunyamaza mpaka behewa la mwisho. Mmoja alijaliwa mdomo, mmoja kichwa, mmoja kifua.

Mwenye mdomo ni huyo Zefania. Amekuwa mpishi wa behewa la chakula, utingo wa lori mpaka Lubumbashi, mpagazi wa mlimani, na mwongoza watalii ambaye watalii walimwongoza yeye. Katika miji minne alifukuzwa kazi kwa kosa lile lile: maneno. Anajua kuomba radhi kwa lugha tisa, na hakuna hata moja aliyojifunza bure.

Mwenye kichwa ni Hatibu Mshana, fundi cherehani. Hajawahi kulala nje ya wilaya ila mara moja, na mara hiyo alipitiwa na usingizi ndani ya basi. Lakini kipimo cha kiuno ulichokuwa nacho miaka ishirini iliyopita anacho kichwani, na ukimpelekea suruali aipanue, atakitaja mbele ya wateja wengine.

Mwenye kifua ni Namsifu, mkalimani wa mahakama. Kutwa nzima anapokea mambo ya watu kwa Kipare na kuyatoa kwa Kiswahili: nani alihamisha mpaka wa shamba, nani alionekana akitoka kwa nani. Saa tisa na nusu anafunga mkoba, anatoka nje, na ukimuuliza habari za mahakamani atakwambia mvua inaelekea kunyesha. Ajabu ni kwamba alipokuwa na miaka kumi na mbili, alikuwa mmbea wa darasa.

Sasa, mwalimu wao.

Mwalimu Kajiru alifundisha Kiingereza, ila hakukifundisha kama wenzake. "Waingereza ni wabahili wa maneno," alikuwa akisema. "Sisi tukiwa na kazi ishirini tunatafuta maneno ishirini. Wao wanamtuma yule yule mmoja, asubuhi mpaka jioni, mpaka anachoka." Basi kila mwaka alichagua neno moja fupi lililochoka, akagawa kazi zake kwa wanafunzi kama mtu anayegawa majembe. Mwaka 1983 neno lilikuwa "keep". Wanafunzi ishirini na wawili, maana ishirini na mbili.

Ijumaa alikuita mbele, akainama, akakunong'oneza maana yako sikioni. Ulikwenda nayo nyumbani, ukalala nayo, ukaitungia sentensi. Jumatatu ulisimama ukaisema, na kuanzia hapo ikawa mali yako mwaka mzima. Kuandika ilikuwa marufuku. "Mkiandika, mtaiacha kwenye daftari," alisema. Mwenzako akitaka kuitumia, alikuja na adabu zake: "Naomba neno lako." Na siku usiyokuja shule, maana yako nayo haikuja. Zamu yako ikifika, darasa zima lilinyamaza kwa urefu wa pumzi moja, kisha likaendelea.

Kila asubuhi aliingia, akasema "Keep!", akanyanyua vidole viwili vya mkono wa kushoto na kuvipunga. Wa kwanza akasimama: fuga, mama anafuga kuku. Vidole vikapunga. Wa pili: linda, Mcharo analinda goli. Vikapunga. Tunza, chelewesha, endelea, zuia, kaa mbali na reli. Ilikuwa kama kusikiliza nyumba yenye milango ishirini na miwili ikifunguliwa mmoja mmoja.

Namsifu alipewa "tunza siri". Darasa lilicheka mpaka likakohoa. Hatibu, mtoto wa Kiislamu, alipewa "shika Sabato", akaenda kumuuliza baba yake kama inafaa. Mzee Mshana akafikiri huku akitafuna mua, kisha akasema, "Wewe umepewa neno, hujapewa dini. Lishike." Na Zefania akapewa "kaa kimya". Yeye hakucheka. Miaka arobaini na moja alitembea nalo akijua moyoni kwamba alitukanwa.

Juu ya meza ya Mwalimu palikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza, iliyovikwa jalada la ngozi ya mbuzi, manyoya bado yapo pembeni. Hakuna mwanafunzi aliyeigusa. "Hii," Mwalimu alisema, "siku mmoja wenu atakaponifundisha mimi neno, itakuwa yake." Walikuwa watoto, waliamini. Zefania aliamini kuliko wote, kwa sababu alitaka kufungua ukurasa wenye "keep" aone kwa macho yake kama kweli kuna "kaa kimya" humo, au mzee aliitunga kwa ajili yake.

Hayo yalikuwa ya zamani. Ya juzi ni haya.

Mwalimu Kajiru, sasa ana miaka themanini na mitatu, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala. Maneno yote yakaondoka, Kipare, Kiswahili na Kiingereza, likabaki moja. Unajua ni lipi.

Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali siku ya Jumatatu. Bintiye Nakiete, anayeishi Moshi, alikuja kumtunza, na akamkuta mtu ambaye tangu alazwe kitandani pake alikuwa akitazama nje kwa mlango wa ukumbini, mbele ya nyumba, na kusema, "Keep." Nakiete anakijua Kiingereza. Akamwekea funguo zake mkononi, akazitupa. Akamwekea miwani, Biblia, redio. Vyote vikaenda chini. Yeye na jirani wakambeba mpaka ukumbini, labda anataka jua. Mzee alipofika huko akalia machozi, wakamrudisha. Akachukua ile kamusi ya ngozi ya mbuzi akamsomea neno hilo lote, safu kwa safu. Kabla ya safu ya pili mzee alikuwa amesinzia.

Na hakula. Kijiko cha maji, basi. Daktari alisema Jumamosi ikifika hajala, arudishwe awekewe mpira wa puani. Nakiete alipiga simu kwa wanafunzi wa zamani aliowapata, hakuwaambia mengi. "Njooni mumwone," alisema, na wote walielewa.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Zefania akashuka kwenye basi la Arusha, akaingia sebuleni akakuta maombi yameanza, akajipenyeza nyuma. Mlango wa chumba cha Mwalimu ulikuwa wazi. Na katikati ya sala, kutoka kitandani, ikatoka sauti nyembamba iliyokwaruza, lakini ni ile ile:

"Keep!"

Miguu ikasimama. Mikono ikabana. Mdomo ukasema maana yake.

Huo ndio mchango wa kwanza, na gharama yake ni aibu ambayo Kizungo hawatamsahaulisha. Maana Zefania alipokuwa akitafuta pa kujificha, Nakiete alipiga ukelele chumbani.

"Mkono! Njooni mwone mkono!"

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa umetoka chini ya blanketi. Vidole viwili, juu. Vikapunga.

"Anamfukuza nzi?" aliuliza mama mmoja wa kwaya.

"Hapana, mama," alisema Zefania, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ndogo. "Anaita anayefuata."

Siku nne walimpa vitu. Hakuna aliyefikiri kwamba mzee alikuwa akiita darasa.

Lakini anayefuata ni nani? Zefania alikuna kichwa. Anazo nyimbo za wagonga mwamba wa Katanga, anayo bei ya pilipili ya Durban mwaka 1996, lakini mpangilio wa madawati haukuwemo.

"Anayefuata ni mimi," ikasema sauti dirishani.

Alikuwa Hatibu, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Alikuwa amepita tu kusalimia. Cherehani ilikuwa na gauni la bibi harusi wa Jumamosi, mkono mmoja bado haujashonwa. Akatema pini kiganjani, akazunguka mlangoni, akavua viatu, akasimama mbele ya kitanda akabana mikono.

"Shika Sabato. Mzee Kisaka anashika Sabato."

Vidole vikapunga. Na hapo, jamani, Hatibu akaanza kuwa watu. Akasema maana ya kumi na tatu kwa sauti ya aliyekuwa nayo, na sentensi yake, na kigugumizi chake. Akasema ya kumi na nne kwa kunusa makamasi, maana mwenyewe alikuwa na mafua tangu Januari mpaka Desemba. Alipofika ya kumi na saba, "endelea, treni inaendelea kwenda", mama mmoja wa kwaya akakaa chini polepole.

"Huyo ni kaka yangu," alisema. "Huyo ni Elibariki kabisa."

Elibariki alikufa mwaka 1999. Katika wale ishirini na wawili, saba hawapo. Siku ile walihudhuria.

Ya kumi na nane ilikuwa ya Namsifu, tunza siri. Hatibu akaisema kwa kujishika kiuno kama yeye. Vidole vikapunga. Kisha akafika ya kumi na tisa, na hapo akafanya walivyofanya wote kila siku ya mwaka ule: alivuta pumzi moja, hakusema kitu.

Vidole havikupunga. Vilibaki juu.

Hatibu akajaribu ya ishirini. Mwalimu akapiga blanketi. "Keep!" Hatibu akarudi mwanzo, wa kwanza, mama anafuga kuku, akashuka nao mmoja mmoja mpaka pale. Kimya. Vidole juu. Akarudi mara ya tatu. Mchungaji, ambaye tangu afukuzwe kwenye sala yake alikuwa amebadilika kuwa mtu wa kawaida, alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Ni pale pale," alisema Mchungaji. "Kwenye shimo."

"Kwa Mkunde," alisema Hatibu, sauti imekauka. "Dawati la dirishani."

Huo ndio mchango wa pili, na gharama yake ni muda wa saa nne, koo, na bibi harusi aliyekwenda kanisani Jumamosi na mkono wa gauni umeshikwa na pini. Mama yake bibi harusi hamsalimii Hatibu mpaka leo.

Mkunde alikuwa binti wa mnyapara wa genge la reli. Mwalimu alimnong'oneza maana yake siku ya Ijumaa. Jumapili, baba akapata uhamisho wa ghafla kwenda Kaliua, familia ikapandishwa treni na masufuria yao. Jumatatu dawati lilikuwa tupu. Mwalimu hakumruhusu mtu alikalie, wala hakuigawa maana ile kwa mwingine. "Mwenyewe atakuja kuisema," alisema. Hakuja. Mwaka mzima wakanyamaza pumzi moja kwa ajili yake, na kwa kuwa ilikuwa ya kunong'onezwa, hakuna aliyejua ni ipi.

"Tubahatishe," alisema Zefania. "Baki nacho? Dumu? Hifadhi?"

Mwalimu akageukia ukutani. Zefania hakuomba kwanza, yule mpumbavu. Alikuwa akishika maneno ya wenyewe bila kubisha hodi.

Ijumaa saa tatu asubuhi Namsifu akafika kutoka Same. Aliacha kesi imeanza, na hakimu alimwambia kwamba akirudi asifikiri ataulizwa kwa upole. Wakamsimulia yote pale ukumbini, Zefania akiongeza chumvi na Hatibu akiipunguza. Walipofika kwa Mkunde, Namsifu akakunja midomo kuelekea ndani.

Zefania aliwahi kukaa sana na watu wa forodha. Sura ile aliijua.

"Unayo," alisema.

"Sina kitu."

"Namsifu, dada yangu. Unayo. Mlikaa madawati jirani."

Akasema, akiangalia mkoba wake: "Nilikwenda stesheni siku ile. Mkunde alininong'oneza dirishani, treni imeshapiga honi. Akasema, wewe ndiye mwenye siri, nitunzie, usiseme, nitasema mwenyewe nikirudi. Nikaapa." Akamtazama Hatibu. "Mnakumbuka nilivyokuwa. Nilikuwa sijawahi kutunza kitu hata siku moja. Hiyo ndiyo ya kwanza. Kazi yangu yote niliijenga juu ya hiyo moja."

"Mzee hali, Namsifu," alisema Hatibu.

"Najua hali! Unadhani nimekuja kunywa chai?"

Hakuna aliyemsukuma zaidi, hata Zefania, na hilo nalo liandikwe. Namsifu akavua viatu, akaingia, akainama sikioni mwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba neno la Mkunde."

Mzee akafumba macho, akayafumbua. Namsifu akasimama wima, mwanamke wa kitenge na miwani ya mnyororo, akabana mikono mapajani, na machozi tayari yako kidevuni.

"Shikia nafasi," alisema. "Nishikie nafasi yangu, narudi."

Vidole viwili vikashuka. Vilishuka vyenyewe, taratibu, vikalala juu ya blanketi. Mwalimu akageuza macho kwenye mlango wa ukumbini.

Huo ndio mchango wa tatu, na gharama yake ni kiapo cha miaka arobaini na moja.

"Mungu wangu," alisema Nakiete. "Kiti."

Pale ukumbini palikuwa na viti viwili vya mbao vya kamba za ngozi, tangu Nakiete ana akili. Kimoja cha Mwalimu, kimoja cha mama yake. Mama alifariki miaka sita iliyopita, na Mwalimu aliendelea kuviweka sambamba kila siku saa nne, akanywa chai yake kando ya kile kitupu. Mzee alipokuwa hospitali, Nakiete akaona wageni watakuwa wengi, akaleta benchi, na kile kitupu akakitupa bandani. Basi mzee alirudi akakuta nafasi imefungwa. Angenyoosheaje kidole kitu kisichokuwepo?

Wakakimbilia bandani. Juu ya kiti kuku alikuwa ameatamia mayai tisa.

"Ondoka wewe!" alisema Nakiete.

"Usimwondoe, ana haki," alisema Zefania. "Naye anashikia nafasi." Lakini alikuwa ameshamnyanyua kuku mwenyewe, akadonolewa mara mbili, akampa Mchungaji ambebe.

Benchi likatoka, kiti kikarudi. Mwalimu akawekwa kwenye chake na mito mitatu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika mkono wa kiti cha pili, akakaa hivyo kwa muda. Kama alimshikia mkewe nafasi, au Mkunde, au darasa zima na wale saba waliotangulia, hakuna aliyemuuliza. Nakiete akaleta uji. Bakuli la kwanza likaisha. Akaangalia la pili. Likafika nusu.

Jumamosi ilipofika, mpira wa puani haukutajwa. Nakiete alikuwa akifunga mizigo ili amchukue mzee Moshi, viti vyote viwili vimeshafungwa juu ya gari, ndipo akatoka ndani na kamusi ya ngozi ya mbuzi.

"Baba aliwaahidi," alisema. "Atakayemfundisha neno. Jana alifundishwa, wote tumeona. Semeni ni ya nani, maana ni moja, na siwezi kuikata vipande."

Hapo ndipo urafiki wa miaka arobaini ulipoingia mchanga.

"Tuseme ukweli," alisema Zefania, baada ya kukohoa kidogo kama mgombea. "Siku nne mzee alikuwa kama redio isiyopata stesheni. Ni nani aliyesimama? Bila mimi kuaibika, mngekuwa mnamwekea miwani mpaka sasa."

"Hukujua unachofanya," alisema Namsifu. "Mtu aliyejikwaa akaangukia mlango ukafunguka, naye adai kwamba ana ufunguo?"

"Mlango ulifunguka, lakini."

"Na aliyepita ndani ni nani?" aliuliza Hatibu, kwa sauti ya mnong'ono, maana koo lilikuwa bado. "Nilibeba watu ishirini. Saba nimewatoa kaburini. Mlango ungefunguka mkabaki mmesimama kizingitini."

"Ulituleta mpaka kwenye shimo, fundi, ukatuacha ukingoni," alisema Zefania. "Ulichokuwa nacho hapo ni kimya."

"Kimya kilichopimwa! Ningekisahau kile kimya, nani angejua Mkunde yuko wapi?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Namsifu, na hapo wakaenda polepole. Hatibu ndiye aliyesema. "Wewe ulilitoa neno lenyewe. Lakini neno halikuwa lako. Ulipewa utunze. Ikiwa kuna tuzo, ni ya aliyetunza au ya aliyevunja?"

"Ni ya aliyelipa," alisema Namsifu. "Wewe ulilipa koo, litapona. Huyu alilipa aibu, anayo nyingine nyingi. Mimi nilichokilipa sitakipata tena."

Nakiete akawatazama, akaitazama kamusi, akafungua mlango wa gari na kuiweka kwenye kiti cha nyuma, kando ya baba yake.

"Mtaniambia," alisema, na gari likaondoka.

Hawajamwambia. Zefania ameibeba kesi hii kote. Ameimwaga kwenye foleni ya mpakani Tunduma, madereva wakagawanyika hata wakasahau foleni. Ameimwaga kwa kinyozi, kinyozi akaacha upande mmoja bila kuunyoa. Wapo wanaosema ya Zefania, kwa kuwa jambo lina mwanzo wake. Wapo wa Hatibu, kwa kuwa kazi ni kazi. Wapo wa Namsifu, na wapo wanaomchukia Namsifu. Bibi mmoja wa Mbalizi alisema ya Mkunde, popote alipo, na akakataa kujadiliana.

Pasaka iliyopita wote watatu walikwenda Moshi kumwona Mwalimu. Ana maneno matano sasa, likiwemo "chai". Walikaa ukumbini kwa Nakiete saa nne asubuhi, wao na wajukuu na majirani, Mwalimu kwenye kiti chake, kiti cha pili kando yake, na juu ya kiti cha pili kamusi, manyoya yakipeperuka kwa upepo. Zefania akaitazama. Angeweza kunyoosha mkono akaifungua kwenye "keep", akamaliza udadisi wa maisha yake. Hakunyoosha. Badala yake akasimulia kisa chote, tangu mchungaji mpaka kuku, na alipofika mwisho akawageukia watu wote waliokaa pale kama tunavyokugeukia wewe sasa.

Aliyeamsha, bila kujua. Aliyebeba, bila kukosea. Aliyetoa, bila kuruhusiwa. Ondoa mmoja, mzee hali. Kamusi ni moja. Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungempa nani?

Watu wakavuta pumzi kufikiri. Ila Zefania hakuweza kuwangojea. "Mimi, kwa maoni yangu," alianza, akisogeza kiti mbele, "na nasema haya kama mtu aliyetembea, ukiangalia kwa makini utaona kwamba yule aliyesimama wa kwanza..."

Mwalimu Kajiru akanyanyua vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Zefania," alisema Namsifu, "sema maana yako."